NIMEKAMATWA, NIMWITE NANI?

(Mada iliyotolewa katika kikao cha vijana na wazazi baada ya swala ya Alasiri, mwezi mtukufu wa Ramadhan)



Kila sifa njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Amma baad.

Mwenyekiti wa kikao, masheikh na maustadh wetu mlioko mbele, wazee wangu, mama zetu na dada zetu mlio upande wa pili wa pazia, na nyinyi vijana wenzangu. Najua mada mlizozizoea mwezi huu ni fadhila za Laylatul Qadr, hukumu za zaka na mambo yanayobatilisha swaumu. Leo mmeletewa kijana wa mada ya polisi na korti. Mwenyekiti alipoitangaza juzi baada ya Tarawehe niliwasikia watu wakicheka kule nyuma. Chekeni tu, hakuna ubaya. Lakini kila mmoja ajiulize, katika mtaa wetu huu ni nyumba ngapi ambazo hazijawahi kubeba chakula kukipeleka seli?

Kwanza nijitambulishe nisije nikawadanganya. Mimi ni mwanafunzi wa sheria, mwaka wa 3. Si wakili, na sina ruhusa ya kusimama mbele ya hakimu kumtetea mtu. Nitakayoyasema ni maelezo ya jumla, na mwenye kesi yake mkononi amwendee mwenye kazi hiyo. Jinsi ya kumpata huyo mwenye kazi hiyo ndiyo mada yenyewe.

NABII MUSA (A.S.) NA ULIMI WA HARUN

Sisi tuliosoma madrasa tunakijua kisa cha Nabii Musa (A.S.) tangu tukiwa watoto: bahari, fimbo, Firauni. Lakini iko sehemu ambayo maalim wangu aliipita haraka, na mimi sikuitia maanani mpaka nilipokuwa chuo. Musa alipoamrishwa kurudi Misri alikuwa ni mtu mwenye kesi. Alikuwa amempiga mtu ngumi akafa, akakimbilia Madyan. Alipoambiwa aende kwa Firauni alimweleza Mola wake wazi kwamba wale watu wana dai juu yake na anachelea wasije wakamuua. Yamo katika Surat Ash-Shuaraa na katika Surat Al-Qasas. Kisha akaomba nini? Hakuomba jeshi wala mali. Alimwomba ndugu yake Harun, kwa sababu Harun alikuwa na ulimi fasaha kuliko wake, aende naye awe msaidizi wa kumsadikisha.

Mtume wa Mwenyezi Mungu, aliyesemezwa na Mola wake, aliona si aibu kutaka mtu wa kumsaidia kusema. Leo kijana wetu wa miaka 19 anapandishwa kizimbani peke yake, hajui hata neno "mlalamishi" maana yake nini, na sisi tunasema mtu mkweli hahitaji loya!

Na hili si geni katika fiqhi. Mlango wa wakala tumeusoma sote, na ndani yake mna wakala wa kusimamia mzozo kwa niaba ya mwengine. Imepokewa kwamba Sayyidna Ali (R.A.), pamoja na elimu yake yote, alikuwa akimweka ndugu yake Aqil kuwa wakala wake katika mashauri yake, na Aqil alipozeeka akamweka Abdullah bin Jaafar. Basi hata neno letu "wakili" tumelitoa huko huko.

YALIYONIFIKA MIMI

Sasa nitawaambia kwa nini nimeichagua mada hii. Nimemuomba ruhusa mwenyewe na amenipa, kwa sharti nisimtaje jina.

Miaka 6 iliyopita binamu yangu alikuwa akiendesha tuktuk ya watu. Ijumaa moja ya Ramadhan, karibu na Magharibi, alimpakia abiria mwenye begi. Njiani abiria akashuka, akamwambia amsubiri, akaingia kichochoroni. Hakurudi. Waliokuja ni askari. Ndani ya begi mlikuwa na simu mbili za wizi. Binamu yangu akapelekwa kituoni na begi lile lile, na hakutoka humo mpaka Jumatatu alipopelekwa kortini.

Watu wengi hawaelewi kwa nini aliyekamatwa Ijumaa hulala ndani mpaka Jumatatu. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 49, yasema aliyekamatwa apelekwe mahakamani haraka iwezekanavyo, isizidi saa 24. Lakini saa hizo zikiishia siku ambayo korti haikai, basi muda unasogezwa mpaka mwisho wa siku ya korti inayofuata. Hiyo haimaanishi kwamba lazima mtu alale ndani. Kwa makosa mengi polisi wenyewe wanaweza kumwachilia kwa dhamana ya kituoni akaja kortini kwa miguu yake. Sisi hatukujua, hatukuomba, na hakuna aliyetuambia.

Jumatatu asubuhi tulifika kortini, shangazi yangu, mjomba na mimi. Mimi nilikuwa kidato cha 3, na kwa kuwa ndiye niliyekuwa nikisoma Kiingereza vizuri pale nyumbani, nikafanywa mkubwa wa msafara. Kwenye ukumbi akatujia bwana mmoja, suti nyeusi, faili kwapani, sauti ya upole. "Mna kesi leo? Kijana wenu ni yupi?" Akatuambia yeye ni wakili na amezoeana na watu wa ndani. Elfu 15. Tulikuwa na elfu 11, nyingine zilikuwa za nguo za Idi za watoto. Mjomba akapiga simu, zikatimia. Hatukuuliza jina lake kamili, hatukuomba risiti. Akaingia mlango mmoja akatokea mwingine, akasema, "Nimeshaongea. Mwambieni akubali tu, atapigwa faini ndogo, mtafuturu naye leo."

Nani alikwenda kumwambia? Ni mimi. Niliruhusiwa kusogea karibu na mlango wa seli ya korti, nikamwita, nikamwambia, "Wakili amesema ukubali." Akaniuliza, "Nikubali nini na mimi sikuiba?" Nikamwambia, "Kubali tu, yaishe." Maneno hayo nimeyatoa kwa mdomo wangu huu nikiwa nimefunga.

Alisomewa mashtaka ya kupokea na kukaa na mali ya wizi. Akasema ni kweli. Mwendesha mashtaka akasoma maelezo, akaulizwa kama ni kweli, akasema ni kweli. Yote hayo hayakuchukua muda wa mtu kunywa kikombe cha kahawa. Kosa hilo katika sheria yetu ya jinai adhabu yake yafika miaka 14. Yeye alipewa miaka 2, bila ya faini. Tulipogeuka kumtafuta yule bwana wa suti, ukumbi mzima hayumo. Mpaka leo sijamuona.

Wiki ya tatu ndipo tulipompata wakili wa kweli, mwanamke mmoja mwenye ofisi ndogo ghorofani. Alitusikiza, hakutulaumu. Alituambia mambo mawili ambayo ndiyo yaliyonipeleka kusoma sheria. La kwanza, kosa hilo halikamiliki kwa mtu kupatikana na mali tu. Upande wa mashtaka lazima uthibitishe kwamba alijua au alikuwa na sababu ya kuamini kuwa mali hiyo ni ya wizi. Dereva aliyeachiwa begi na abiria alikuwa na utetezi, tena mzuri, na hakuna aliyeusikia. La pili, aliyekubali kosa mwenyewe mlango wake wa rufaa ni mwembamba sana: anaweza kulalamikia adhabu, si kutiwa hatiani. Na muda wa rufaa ni siku 14, nasi tulikuwa tumeshaupita, labda tuombe ruhusa ya kuchelewa. Shangazi hakuwa na nguvu tena. Kijana akakaa, na baada ya kupunguziwa theluthi kwa tabia njema alitoka baada ya miezi 16.

NENO "NI KWELI" NI ZITO

Wanasheria wa Afrika Mashariki wote husomeshwa kesi moja ya 1973, ya mtu aliyeitwa Adan dhidi ya Jamhuri. Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki wakati huo iliweka utaratibu ambao unafuatwa mpaka leo: mashtaka yasomwe na kufafanuliwa kwa lugha anayoielewa mshtakiwa, akikubali maneno yake yaandikwe, kisha upande wa mashtaka ueleze yaliyotokea, na mshtakiwa apewe nafasi ya kuyakanusha au kuongeza jambo. Akisema neno lolote linaloonyesha kuwa hakubali kikamilifu, basi iandikwe kuwa amekanusha. Kwa mfano mtu anasema, "Ni kweli nilimpiga, lakini alikuja na panga." Huyo hajakubali kosa.

Nilipoisoma kesi hiyo nilikumbuka hadithi ya Maiz (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim. Alikuja mwenyewe kwa Mtume (S.A.W.) kukiri zina. Mtume akageuza uso. Akakiri tena, na tena, mpaka mara nne. Na bado Mtume akauliza, je, ana wazimu? Je, amelewa? Akamtajia na uwezekano kwamba pengine lililotokea ni dogo kuliko analolikiri. Hakuna aliyekuwa na haraka ya kupokea kukiri kwake. Basi askari akikwambia kubali upesi korti imejaa, jua haraka hiyo si ya sheria wala si ya dini.

Sisemi mtu aliyefanya kosa akane. Mwenye kujua amekosa na akataka kukubali, akubali, lakini baada ya kuzungumza na wakili. Tangu 2008 sheria yetu ina utaratibu wa makubaliano kati ya mshtakiwa na upande wa mashtaka, ambapo shtaka linaweza kupunguzwa au mengine kuondolewa. Hayo huandikwa, yakatiwa sahihi, na hakimu akahakikisha mtu hakulazimishwa. Kukubali kwa namna hiyo na kukubali kwa kunong'onezwa mlangoni ni vitu viwili mbalimbali.

USIKU ULE WA KWANZA

Kijana akikamatwa, jambo la kwanza ni heshima na ulimi. Usipigane na askari, usimtukane, usikimbie. Muulize kwa upole unakamatiwa nini, ni haki yako kujua kwa lugha unayoielewa. Toa jina lako. Baada ya hapo una haki ya kunyamaza na kuomba kuzungumza na wakili na watu wako. Sema hivi: "Afande, nitatoa maelezo nikiwa na wakili wangu." Si ujeuri, ni Katiba.

Mtaulizwa muandike maelezo na mtie sahihi. Usitie sahihi karatasi usiyoisoma. Na kukiri kosa kituoni kuna masharti: Sheria ya Ushahidi haikubali kukiri mpaka kuwe mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo cha Inspekta kwenda juu ambaye si yule anayepeleleza kesi hiyo, na awepo mtu wa tatu uliyemchagua wewe. Vijana wengi wanakaa kwa afande wa kawaida usiku wa manane wanamwaga kila kitu na yasiyokuwepo, wakidhani wanasaidia.

Nyinyi mama zetu na wazee mlioko nje, kazi yenu ni nyingine. Ulizeni yuko kituo gani, ameandikwa lini kwenye kitabu cha OB, na namba yake ni ngapi. Iandikeni. Ulizeni jina la afisa anayeshughulikia. Dhamana ya polisi ikilipwa pesa taslimu, dai risiti, kwa sababu ni amana na hurudishwa. Wengi wetu bado tunaukumbuka mwezi wa Aprili 2014, operesheni ya Usalama Watch, watu maelfu walikamatwa Eastleigh na kwengineko na wengine wakawekwa uwanja wa Kasarani, familia zinazunguka hazijui mtu wao yuko wapi. Ikiwa mtu amechukuliwa na kila kituo chasema hakipo kitu kama hicho, hapo wakili hupeleka ombi Mahakama Kuu aamrishwe aliyemshika amlete mbele ya jaji. Msikae siku tatu mnasubiri simu.

Na watoto, jamani. Sheria ya Watoto ya 2022 inasema aliye chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa kosa la jinai. Mzee, ukienda kituoni beba cheti cha kuzaliwa. Nimeona mtoto wa miaka 15 ameandikwa 18 kwa sababu ana mwili mkubwa.

KUMTAFUTA WAKILI

Sasa tuje kwenye kumtafuta. Usimchukue mtu kwenye ukumbi wa korti. Wakili wa kweli ana ofisi, na hazunguki kuokota wateja kama manamba. Muulize jina lake kamili kama lilivyo kwenye orodha ya mawakili. Kila wakili anayefanya kazi lazima awe na cheti cha mwaka huo, na Chama cha Mawakili nchini kina tovuti ambayo unaandika jina ukaona kama anaruhusiwa au la. Kwa simu hizi tunazoangalia mpira, ni dakika moja. Msidhani matapeli ni wa mitaani kwetu tu. Oktoba 2023 tawi la Nairobi la chama hicho lilitoa taarifa ya mtu aliyedaiwa kujifanya wakili kwa kutumia jina la mwengine, na nchi nzima ikashangaa. Mimi sikushangaa sana.

Kisha muulize kama anafanya kesi za jinai. Wakili wa mashamba na mirathi anaweza kuwa bingwa wa mambo yake, lakini kumhoji shahidi wa polisi ni kazi nyingine, kama vile daktari wa meno asivyokuzalisha. Muulize atakuja mwenyewe au atamtuma kijana wa ofisini ambaye faili kalishika asubuhi hiyo. Muulize amezoea korti ile.

Mambo ya pesa myaseme mwanzo, bila haya. Sheria ya Mawakili inaruhusu mkubaliane ada ya kesi ya jinai, na makubaliano hayo yaandikwe na mteja atie sahihi. Ulizeni: ada hii ni ya kuomba dhamana tu, au mpaka hukumu? Rufaa imo? Kesi ikiahirishwa mara kumi nitalipa mara kumi? Wakili mwengine hukubali kulipwa kwa hatua, na hiyo huwafaa watu wa hali ya chini. Kila shilingi iwe na risiti. Akikwambia, "Nilipe ukishinda tu," jihadhari, sheria haiyatambui makubaliano ya namna hiyo. Na akikuhakikishia ushindi, toka humo ofisini. Tabibu mwenyewe hasemi "nitakuponya", husema nitakutibu.

Kuna wale wanaosema, "Nipe kitu, nitamuona hakimu." Mtume (S.A.W.) amemlaani mpaji na mpokeaji wa rashwa, na iko riwaya inayomtaja na yule wa katikati anayewapitishia. Unafunga mchana unatoa rashwa jioni? Na hata tukiiacha dini kando kidogo, mara nyingi pesa hizo hazifiki kwa hakimu yeyote, zinaishia mfuko wa huyo huyo. Kisha Sheria ya Hongo ya 2016 inamshika mtoaji sawa na mpokeaji. Umekwenda kumtoa ndugu yako, mnabaki ndani wawili.

Ukishampata, mwambie ukweli wote. Mliyoyazungumza ni siri, sheria inayalinda, na hawezi kuitwa kuyasema. Nimesikia watu wanamficha loya wao kwamba walikuwepo pahala fulani, halafu kamera ya duka inawaonyesha mbele ya hakimu. Wakili anashtuka pamoja na wewe, na hapo hana la kufanya.

Mkae mkijua pia nini cha kumdai. Siku ya kwanza aombe dhamana. Katiba inasema mshtakiwa aachiliwe kwa masharti yanayofaa ila pakiwa na sababu nzito, kwa hiyo leteni mapema mdhamini mwenye kitambulisho na hati anayoweza kuiweka, si kuanza kutafutana saa nane mchana. Baada ya hapo apate maelezo ya mashahidi, kwa maana kifungu cha 50 kinawataka watoe ushahidi wao kabla ili ujitayarishe. Akae na wewe kuyasoma. Mashahidi wa upande wa mashtaka wakimaliza na ushahidi ukawa hautoshi, hakimu anaweza kukuachilia hapo hapo bila wewe kusema neno. Ukiambiwa una kesi ya kujibu, una njia tatu: kunyamaza, kusema bila kiapo, au kuapa ukahojiwa. Kila moja ina uzito wake, na hapo ndipo ushauri wa wakili unapolipa ada yake.

TUSIO NA PESA

Najua mnaniuliza moyoni, elfu hizo zatoka wapi? Serikali ina wajibu wa kukupa wakili pale ambapo kukosa kwako kutaleta dhuluma kubwa. Kesi za mauaji Mahakama Kuu humpa mtu wakili. Nyingine si lazima, lakini unaweza kuomba, na hakimu hawezi kujua kama hukusema. Iko Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2016 na Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria. Kituo cha Sheria wamefanya kazi hii tangu 1973. FIDA husaidia wanawake. Hapa Mombasa wako MUHURI na Haki Africa. Si kila aendaye hupata, foleni ni ndefu, lakini kwenda na karatasi zako zote mkononi kunasaidia kuliko kwenda na kilio.

Na jambo moja usichanganye: Kadhi hana mamlaka ya kesi ya jinai. Yake ni ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu baina ya Waislamu wanaokubali kwenda kwake. Kila mwaka wako wazee wanaomwendea Kadhi awatolee mtoto wao aliyekamatwa. Atawaombea dua, wallahi, lakini hati ya kumtoa hana.

Vipi sulhu? Sulhu ni kheri, na Katiba kifungu cha 159 inaitambua. Makosa madogo kama kupigana korti yenyewe inaweza kuwahimiza mpatane, na 2013 Mahakama Kuu Nairobi ilikubali kuimaliza hata kesi ya mauaji baada ya familia mbili kupatana kwa mila na dini. Lakini kesi hiyo haikupita bila maneno, na msijenge juu yake. Kesi ikishafika kortini ni ya Jamhuri, si ya mlalamishi peke yake, kwa hiyo mkipatana nyumbani mkanyamaza, hakimu atatoa waranti. Na mtoto aliyenajisiwa hasuluhishiwi kwa mbuzi na kikao cha wazee. Nalisema hili nikiwatazama wazee wangu usoni, na naomba radhi kwa ukali, lakini silirudishi.

JE, NI HALALI KUMTETEA MWENYE KOSA?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kila nikirudi likizo. Mjomba wangu mmoja aliniambia, "Wewe utakuwa wakili wa wezi." Jibu lake liko katika Surat An-Nisaa, kuanzia aya ya 105. Wafasiri wanaeleza kuwa mtu wa ukoo wa Banu Ubayriq, hapo Madina, aliiba deraa, na jamaa zake wakamsukumia wizi huo Myahudi asiye na hatia. Wakaja kwa Mtume (S.A.W.) wakimtaka awasimamie. Aya zikashuka kumsafisha yule Myahudi na kukataza kuwatetea wahaini. Basi tazameni kilichokatazwa hapo: ni kumsafisha mwongo kwa kumtwika mwengine dhambi. Wakili hana ruhusa ya kupeleka ushahidi wa uongo anaoujua, wala kumfunza shahidi kudanganya. Dini imemkataza na sheria ya kazi yake imemkataza.

Lakini kuhakikisha kwamba mtu hahukumiwi ila kwa ushahidi, kwamba adhabu haizidi kosa, kwamba aliyeiba kuku hafungwi kama aliyevunja benki, hiyo ni kuzuia dhuluma. Fukaha walishasema kale kuwa shubuha huondoa hadi. Na korti zetu zinataka kosa lithibitishwe pasi na shaka ya maana. Nani ataionyesha hiyo shaka kama hakuna wa kuisema? Nabii Yusuf (A.S.) aliokolewa na kanzu iliyochanwa kwa nyuma, kwa sababu alitokea mtu aliyesema kanzu itazamwe. Na alipofunguliwa mlango wa gereza alikataa kutoka mpaka kesi yake ichunguzwe na jina lake lisafike.

Hilo la jina ndilo linaloniuma. Binamu yangu alipotoka alipata nafasi ya kazi Qatar, udereva. Pasipoti tayari, wakala tayari. Akaambiwa alete cheti cha tabia njema kutoka Idara ya Upelelezi wa Jinai. Alipoweka alama za vidole, rekodi ikatoka na ile kesi. Wakala akampigia simu, hakuongea hata dakika mbili.

Leo anaendesha tuktuk hapa hapa mjini. Ndiye aliyenileta, na sasa hivi yuko nje ya lango kwa sababu hataki kuingia nikiwa namzungumza. Amenipa ujumbe mmoja niwafikishie. Anasema namba ya yule wakili mwanamke wa ghorofani ameibandika ndani ya tuktuk yake, mbele ya abiria, na kijana yeyote anayetaka aipige picha, bure, hata kama hapandi.

Maswali nitayapokea baada ya mkeka wa futari kutandikwa, maana naona adhana haiko mbali na mpishi ameshanikazia macho.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.